Bomba na Lebo Yake: Jinsi ya Kuchora Mtandao wa Mabomba kwa Kompyuta



Wengi wetu tukisikia neno "uhandisi" hufikiri habari za madaraja makubwa na majumba ya ghorofa. Ni wachache wanaofikiri habari za bomba la maji machafu, maana limezikwa chini ya ardhi wala halionekani. Hata hivyo, mji waweza kuishi miaka mingi bila ghorofa, lakini hauwezi kuishi salama bila njia ya kuondolea uchafu wake. Katika makala haya nataka kueleza jinsi mabomba hayo yanavyochorwa siku hizi kwa kompyuta, na hasa jinsi yanavyoandikiwa lebo. Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaojifunza michoro ya ufundi, na pia kwa ajili ya kaka zetu waliokwisha kuondoka shuleni, ambao baadhi yao wanafanya kazi kwa wapimaji na wakandarasi. Wao watanisahihisha nikipungukiwa.

1. Kwa nini jambo hili ni kubwa

Tutazame mji wa Kampala. Mfereji wa Nakivubo hupita mjini, hukusanya maji ya mvua pamoja na uchafu mwingi, kisha hushuka mpaka ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, iko mitambo inayovuta maji ya kusafishwa ili watu wa mji wayanywe. Nyumba nyingi za mji hazijaunganishwa na mabomba ya maji machafu. Zatumia vyoo vya shimo au matangi. Kadiri uchafu unavyozidi kuingia ghubani, ndivyo kazi ya kusafisha maji inavyozidi kuwa ngumu na ya gharama. Basi kila bomba linalofikisha uchafu kwenye mtambo wa kuusafisha, kama ule wa Bugolobi, linalinda afya ya watu wasiojua hata kwamba bomba hilo lipo.

Si Kampala peke yake iliyopata taabu hii. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi London, karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Daktari John Snow aliweka alama ya vifo kwenye ramani, akaonyesha kwamba ugonjwa ulitoka katika maji ya pampu ile. Miaka minne baadaye, mwaka 1858, mto Thames ulinuka vibaya mno kwa uchafu hata wabunge hawakuweza kuvumilia. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa kazi ya kujenga mifereji mikuu ya chini ya ardhi, na kazi hiyo ilianza mwaka 1859. Michoro yake ilichorwa kwa mkono, kwa wino na rula. Leo kalamu imebadilika, lakini maji hayakubadilika. Maji hufuata mkondo. Hayapandi mlima kwa sababu mchoraji amekosea hesabu.

2. Maneno matano ya kujua

Kabla ya kugusa kompyuta, yafaa tupatane juu ya maneno matano.

Bomba ni njia ya duara inayopitisha maji. Bomba ninalosema hapa ni lile ambalo maji hutembea ndani yake kwa kushuka tu, bila kusukumwa na pampu.

Chemba ni kile kisima kidogo chenye mfuniko, ambacho mafundi hukijenga mahali mabomba yanapokutana, yanapopinda, au yanapobadilisha mteremko. Kupitia humo mtu huweza kukagua na kuzibua.

Inveti ni kimo cha sehemu ya chini kabisa ndani ya bomba, yaani mahali tone la mwisho la maji lingepita. Kimo hicho hupimwa kutoka alama moja iliyokubaliwa.

Mteremko ni jinsi bomba linavyoshuka. Tukisema 1:100 maana yake kwa kila mita 100 za kwenda mbele bomba hushuka mita 1.

Udongo wa kufunika ni kina cha udongo kilicho juu ya mgongo wa bomba. Ukiwa mchache, gari zito likipita bomba huvunjika. Ukiwa mwingi kupita kiasi, kuchimba huwa ghali na hatari kwa wachimbaji.

3. Hesabu kwanza, kompyuta baadaye

Asije mtu akadhani kwamba kompyuta huchagua mteremko kwa busara yake. Mhandisi ndiye anayeuchagua. Maji machafu yakienda polepole, taka hutuama na bomba huziba. Kwa hiyo wahandisi wengi hutaka maji yafikie mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde au zaidi, ili bomba lijisafishe lenyewe.

Mwendo huo hupatikana kwa kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland, aliyeieleza mwaka 1889. Kwa bomba lililojaa, chukua kipenyo chake kwa mita, ukigawe kwa 4. Jibu hilo lipandishe kwenye kipeo cha 2/3. Kisha lizidishe kwa kipeuo cha pili cha mteremko, na mwisho ligawe kwa namba ya ukwaruzo wa bomba, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa 0.013.

Tujaribu bomba la kipenyo cha milimita 150. Kwa mteremko wa 1:100 mwendo ni mita 0.86 kwa sekunde. Kwa 1:150 ni mita 0.70. Kwa 1:300 ni mita 0.50 tu. Basi twaona wazi kwamba miteremko miwili ya kwanza yafaa, na ule wa tatu haufai, ingawa kwa macho bomba lote laonekana linashuka.

Sasa tuchukue mfano wa shule iliyo mlimani, inayotaka kupeleka maji machafu kutoka mabwenini mpaka mabwawa ya kusafishia bondeni. Kuna chemba tatu: A, B na C. Ardhi ya A iko kwenye kimo cha mita 102.40, ya B mita 101.60, na ya C mita 101.40. Kutoka A mpaka B ni mita 60, na kutoka B mpaka C ni mita 45. Kwa kuwa lori la kuni la jikoni hupita pale B, tunataka udongo wa kufunika usiopungua mita 0.90.

Tuseme inveti ya A ni 101.30 na mteremko ni 1:100. Katika mita 60 bomba litashuka mita 0.60, hivyo litafika B kwenye 100.70. Ardhi ya B ni 101.60, kwa hiyo kina ni mita 0.90. Lakini bomba lenyewe lina kimo cha mita 0.15, ukilitoa, udongo wa kufunika ni mita 0.75. Hautoshi. Basi tushushe inveti ya A mpaka 101.10. Bomba litafika B kwenye 100.50, na udongo wa kufunika utakuwa mita 0.95. Hapo lori lipite kwa amani.

Ndani ya chemba B tunaacha maji yashuke sentimita 3, hivyo bomba la pili laanza kwenye 100.47. Kwa mteremko wa 1:150 katika mita 45 litashuka mita 0.30, na litafika C kwenye 100.17. (Katika mfano huu nimeacha unene wa ukuta wa bomba, katika kazi ya kweli nao huhesabiwa.)

4. Kuchora mtandao

Programu ninayoieleza ni Civil 3D, ya kampuni ya Autodesk ya Marekani, ambayo ndiyo iliyotoa AutoCAD mwaka 1982. Kampuni hiyo huwaruhusu wanafunzi waliothibitishwa kuitumia bila malipo kwa kujifunzia. Yataka kompyuta yenye nguvu, lakini utaratibu wake waweza kueleweka hata na mtu asiye na kompyuta.

Kwanza, ingiza vipimo vya mpimaji ili programu itengeneze uso wa ardhi. Bila uso huo, kompyuta haijui mfuniko wa chemba uko kwenye kimo gani, wala udongo wa kufunika ni kiasi gani.

Pili, tengeneza orodha ya vifaa. Humo utachagua aina za mabomba na chemba zitakazotumika katika kazi hii tu. Usijaze orodha kwa kila kitu kilichomo katika programu, maana mchoraji aliyechoka aweza kuchagua bomba ambalo halipo katika duka lolote la nchi.

Tatu, weka kanuni za mtandao: udongo wa kufunika usiopungua kiasi fulani, mteremko wa chini na wa juu, na kiasi cha kushuka ndani ya chemba. Unapochora, programu hujaribu kuzifuata. Lakini ukibadilisha bomba kwa mkono baadaye, programu haitakuzuia. Itaonyesha tu katika habari za bomba kwamba kanuni imevunjwa. Mwenye kuangalia ataona, na asiyeangalia ataendelea na kosa lake.

Nne, bonyeza mahali pa chemba moja baada ya nyingine. Kati ya chemba na chemba bomba hutokea lenyewe, nalo hushikamana nazo. Ukihamisha chemba, mabomba yake huifuata.

Hapa ndipo tofauti ya kompyuta na karatasi ilipo. Kwenye karatasi bomba ni mstari wa wino. Katika programu hii bomba ni kitu chenye habari zake: jina, kipenyo, urefu, mteremko, na inveti za ncha zote mbili. Mstari unaouona ni sura yake tu.

5. Lebo ni nini

Lebo ni maandishi yanayosoma habari za bomba au za chemba na kuzionyesha mchoroni. Ukiitengeneza vizuri, lebo ya bomba letu la kwanza itasema: jina AB, kipenyo milimita 150, urefu mita 60.00, mteremko 1:100. Lebo ya chemba B itasema: mfuniko 101.60, inveti ya kuingia kutoka A 100.50, inveti ya kutoka kwenda C 100.47. Programu yaweza kuorodhesha mabomba yote yanayoingia chemba moja, hata yakiwa manne, kila moja na kimo chake.

Fundi aliye ndani ya handaki hana kompyuta, wala hajui mchoraji alikuwa na nia gani. Ana karatasi, kamba na levo. Lebo ikisema 100.50 atachimba mpaka 100.50. Kwa hiyo lebo ni amri ya kazi. Picha ikiwa nzuri na lebo ikawa na kosa, kitakachojengwa ni kosa.

Kwa sababu hiyo nashikilia jambo moja kuliko yote: namba ya lebo itoke katika bomba lenyewe, isiandikwe kwa mkono. Tuseme mwenye kazi ameomba chemba B isogezwe mita 5 mbele kwa kuwa pana mwamba. Urefu wa AB utakuwa mita 65. Inveti mbili zikiachwa palepale, mteremko hautakuwa 1:100 tena bali karibu 1:108. Lebo inayosoma bomba itabadilika papo hapo. Lebo iliyoandikwa kwa mkono itabaki ikisema mita 60 na 1:100, nayo itaonekana safi na ya kuaminika kama zile nyingine. Programu humruhusu mtu kufuta namba ya lebo na kuandika yake. Ruhusa hiyo ni mlango wa makosa.

6. Mitego minne ya lebo

Hata lebo inayosoma bomba yaweza kumdanganya msomaji, ikiwa mchoraji hakuitengeneza kwa akili. Nitataja mitego minne.

Mtego wa kwanza ni urefu. Programu yaweza kupima kutoka kati ya chemba mpaka kati ya chemba, au kutoka ukuta wa ndani mpaka ukuta wa ndani. Chemba zikiwa na upana wa ndani wa mita 1.20, bomba la mita 60 kwa kipimo cha kwanza ni mita 58.80 kwa kipimo cha pili. Katika mabomba kumi tofauti ni mita 12. Anayenunua mabomba na anayekagua mteremko wasipojua ni kipimo kipi, watagombana bure.

Mtego wa pili ni mwanzo na mwisho. Kwa programu, mwanzo wa bomba ni pale ulipoanza kuchora, si lazima pawe pale maji yanapoanzia. Aliyechora kutoka bondeni kwenda mlimani atakuta inveti ya mwanzo ndiyo ya chini. Basi ni vyema kuchora kufuata maji, na kuweka mshale wa mwelekeo kwenye kila bomba.

Mtego wa tatu ni kupunguza tarakimu. Mteremko wa 1:150 ni asilimia 0.67. Lebo ikionyesha tarakimu moja tu baada ya nukta itasema 0.7. Fundi akitumia 0.7 katika mita 60 atakosea karibu milimita 20. Hilo laonekana dogo, lakini katika mabomba matano yanayofuatana ni karibu sentimita 10, na hapo bomba la mwisho halitakutana na bwawa.

Mtego wa nne ni ukubwa wa herufi. Katika programu hii unaandika kimo cha herufi kama zitakavyokuwa kwenye karatasi. Herufi ya milimita 2.5, katika mchoro wa kipimo cha 1:500, huchukua nafasi ya mita 1.25 ya ardhi. Ukibadilisha kipimo cha mchoro, herufi hubadilika nazo, na lebo zaweza kupandiana. Zilizopandiana zivutwe pembeni na kuunganishwa na bomba kwa mstari mwembamba. Usifute lebo kwa ajili ya kupata nafasi. Chemba isiyo na lebo ni swali ambalo fundi atajijibia mwenyewe.

7. Kukagua kabla ya kuchapa

Mchoro wa juu hautoshi. Programu yaweza kuchora pia mkato wa urefu, ambamo ardhi huonekana kama mstari wa juu na mabomba yakiwa chini yake. Hapo jicho hugundua upesi bomba lililopanda badala ya kushuka, au lililokaribia mno uso wa ardhi. Tena programu yaweza kulinganisha mitandao miwili, kwa mfano wa maji ya mvua na wa maji machafu, na kuonyesha mahali mabomba yanapogongana chini ya ardhi. Kwenye ramani ya juu misalaba hiyo huonekana kama mistari inayopishana tu.

Mwisho, toa jedwali la mabomba yote, chukua penseli, ukague angalau bomba moja katika kila mkondo. Inveti ya juu, toa inveti ya chini, gawa kwa urefu: je, mteremko wapatana na lebo? Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kuchimbua bomba lililokwisha kuzikwa ni kazi ya siku nyingi, na gharama yake ingeweza kujenga chemba nyingine.

8. Zoezi kwa wasomaji

Kutoka chemba C mpaka D, karibu na bwawa, ni mita 90. Bomba la milimita 150 laanza C kwenye inveti 100.14 kwa mteremko wa 1:150. Ardhi ya D ni 100.50, na hapo pia udongo wa kufunika usipungue mita 0.90. Je, bomba hili lafaa? Kama halifai, ufanye nini? Jaribu kabla ya kusoma jibu.

Jibu: Katika mita 90 bomba hushuka mita 0.60, hivyo hufika D kwenye 99.54. Kina ni mita 0.96, na udongo wa kufunika ni mita 0.81. Halifai. Waweza kushusha bomba zima kwa sentimita 10, lianze kwenye 100.04 na kufika kwenye 99.44, au waweza kushusha ncha ya D peke yake kwa sentimita 10, na mteremko utakuwa karibu 1:129. Katika njia zote mbili udongo wa kufunika ni mita 0.91. Ila uliza kwanza maji ya bwawa yako kwenye kimo gani, maana bomba likiwa chini ya maji ya bwawa, uchafu utarudi nyuma kuelekea mabwenini.

Wenzangu, tusidharau kazi hii kwa kuwa ni ya uchafu. Miji yetu inakua, na mabomba mengi bado hayajachorwa. Watakaoyachora huenda ni sisi. Kwa hiyo tujifunze hesabu kwa bidii, tuitumie kompyuta kama mtumishi, na kabla ya kuweka jina letu kwenye mchoro tumfikirie yule fundi atakayesimama handakini na kuamini kila namba tuliyompa.